Karo ya shule ya kibinafsi imetushinda mtoto akiwa kidato cha tatu (Kisumu). Mlango gani bado uko wazi?

Nyar_Nam

Hamjambo nyote. Naomba mawazo, na mwenye kejeli aziweke kwanza, nitazisoma jioni.

Binti yetu yuko kidato cha tatu katika shule ya kibinafsi ya bweni, si mbali na Kisumu. Alifanya KCPE (mtihani wa kumaliza shule ya msingi) ya 2022, akaitwa shule ya serikali iliyo mbali sana, na kwa sababu wakati huo uwezo ulikuwepo tukaamua asome hapa karibu. Karo ni 48,000 kwa muhula. Tulikuwa tunalipa bila kusukumwa. Baba yao alikuwa kwenye mradi wa Ukimwi uliokuwa ukifadhiliwa na Marekani. Misaada iliposimamishwa Januari 2025 mradi ukafungwa, watu wakapewa barua zao. Wakazi wa Kisumu mnajua hatuko peke yetu. Kwenye ploti yetu tu kuna familia nyingine zimepatwa na hayo hayo.

Mimi nauza nguo Kibuye. Kibanda kinalisha nyumba, lakini karo hakiwezi. Muhula wa kwanza tulilipa kwa akiba, wa pili tukalipa nusunusu. Salio ni 31,000, na wa tatu unafunguliwa mwisho wa mwezi huu wa nane, 2025, na 48,000 zake.

Nikiuliza basari naambiwa ni za shule za serikali. Nikiuliza ufadhili wa benki naambiwa muda umepita. Kuna anayejua mahali pengine pa kubisha?

BodaWaKaptembwo

Pole sana mama. Lakini tusidanganyane, mtoe huko umpeleke shule ya kutwa ya serikali. Sisi huku Nakuru watoto wetu wako za kutwa na wanafanya mtihani ule ule. 48,000 kwa muhula mmoja? Hiyo ni pikipiki ya mkono wa pili!

Mwalimu_Mbale

Boda ana hoja, ila naomba nimwongezee hesabu kwa sababu watu wakisikia "serikali inalipia" wanafikiri wamemaliza.

Kiwango rasmi cha serikali kwa mwanafunzi wa sekondari ya umma ni shilingi 22,244 kwa mwaka. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge kwamba pesa zilizopo zinatosha kama 16,900 kwa kila mwanafunzi. Pengo hilo halipotei hewani, linamfikia mzazi kwa majina mengine: chakula cha mchana, karatasi za mtihani, mara hiki mara kile. Hata hivyo, mama, hizo ni pesa ndogo ukilinganisha na za kwako. Na usidhani bweni la serikali liko bei moja na bweni lenu. Shule za kitaifa na za kaunti za juu katika miji kama Kisumu na Nakuru zimewekewa 53,554 kwa MWAKA, nyingine za bweni 40,535. Ninyi mnalipa 144,000.

Shida ni kidato alichopo. Masomo ameshachagua. Kama anafanya kompyuta au Kifaransa, uliza kwanza kama huko unakompeleka yapo, maana kuanza somo jipya mwaka na kitu kabla ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, ni kumwonea. Tena anatakiwa asajiliwe KCSE mapema mwaka ujao akiwa kidato cha nne, kwa hiyo kama ni kuhama, ni sasa au Januari. Ukipita hapo utasumbuka.

Halafu kuna hili: shule mpya ikimkubali, shule ya zamani lazima imwachilie kwenye mfumo wa wizara wa kusajili wanafunzi, na mhasibu wa huko atakuuliza 31,000 ziko wapi. Mtoto anahama, deni linabaki na jina lako.

Njoro_Yetu

Mimi sitasema pole. Mtu amesomesha mtoto kwa laki na nusu kwa mwaka, leo anataka kuja kupanga foleni ya basari na mjane wa huku kwetu anayeuza mboga kwenye kijia. Hizo pesa zina wenyewe.

Nyar_Nam

@Njoro_Yetu kodi iliyojaza huo mfuko baba yao alikatwa kwenye mshahara kila mwezi, na hatukuomba hata senti. Nauliza kama kuna mlango. Kama haupo nitajibiwa haupo, nitaenda zangu.

@Mwalimu_Mbale asante, hilo la masomo sikuwa nimelifikiria. Anafanya kompyuta kweli.

Mhasibu_Mstaafu

Dada Nyar_Nam, nimeshika vitabu vya hesabu vya shule za kibinafsi upande wa Nakuru kwa miaka mingi. Nitaandika kirefu, mnisamehe.

Wazazi wengi hutembea kwa chifu, kwa mbunge, kwa benki, kwa kanisa, na mwisho kabisa ndipo wanarudi shuleni wakiwa wamechoka na wana aibu. Mimi ningeanza shuleni. Kwa mtoto wa shule ya kibinafsi, mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kukupunguzia mzigo ni yule yule anayekudai.

Na mwaka huu wa 2025 ana sababu ya kukusikiliza. Angalieni: KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Waliofanya ile wako kidato cha pili sasa. Nyuma yao hakuna mtu, kwa sababu watoto wa CBC, ule mtaala mpya, wako gredi ya 9 kwenye sekondari ya msingi na hawaingii sekondari ya juu mpaka Januari 2026, gredi ya 10. Maana yake mwaka huu hakuna kidato cha kwanza nchi nzima. Shule iliyojenga mabweni ya madarasa manne ina madarasa matatu. Mpishi yule yule, askari yule yule, mkopo wa bweni benki ule ule, lakini robo ya vitanda haina mtu. Na sekondari ya juu ni miaka mitatu, kwa hiyo lile darasa la nne halirudi tena. Mwenye shule akimpoteza mwanafunzi wa kidato cha tatu leo hana wa kumweka kwenye kile kitanda. Wewe mama unadhani unaenda kuomba sadaka. Yeye ukiingia anahesabu 48,000 zinazotaka kutoka mlangoni.

Sasa namna ya kwenda. Usingoje siku ya kufungua. Siku hiyo kuna foleni, masanduku, magodoro, na mwalimu mkuu ana jibu moja tu kwa wote. Isitoshe mwalimu mkuu wa shule ya kibinafsi mara nyingi hana mamlaka juu ya pesa. Omba kumwona mwenye shule au mkurugenzi, nendeni wiki hii shule ikiwa imefungwa, wewe na mzee wako wote wawili. Beba ile barua ya kuachishwa kazi, ripoti za binti, risiti zote za tangu kidato cha kwanza. Risiti ndizo zitakazosema kwamba ninyi si watu wa kukwepa. Na mwende na kiasi mkononi, hata kama ni 8,000. Mtu anayekuja na kitu na mtu anayekuja na maelezo tu hawapokewi sawa, huo ndio ulimwengu.

Mkifika, jambo la kwanza la kuomba si punguzo. Ombeni deni la zamani litenganishwe na karo mpya. Sababu ni hii: shuleni pesa ikiingia, mhasibu huanza kufuta salio la zamani. Ukilipa 20,000 Septemba zinamezwa na deni la muhula wa pili, na kwenye daftari muhula wa tatu unaonekana hujalipa hata shilingi. Jumatatu asubuhi karani anachapisha orodha ya wenye salio, anapita madarasani akisoma majina, na binti yako yumo ingawa umelipa juzi. Nimeona watoto wakisimama kwenye geti na begi wakati mzazi ana risiti ya wiki hiyo hiyo. Deni likiwekwa kwenye ratiba yake, tuseme 3,000 kila mwezi mpaka liishe, kila unacholipa kando na hapo kinahesabiwa kwa muhula unaoendelea.

Muandikiane. Karatasi moja yenye muhuri wa shule, sahihi yake na zenu, na binti apewe nakala akae nayo bwenini. Karani wa orodha hajui mlichokubaliana ofisini.

Punguzo liulizwe baadaye, na uulize kwa jina. Kama ana ndugu shuleni hapo, kuna punguzo la ndugu. Kama shule inapokea wa kutwa na mko karibu, mtoe bwenini abaki darasani, hilo peke yake linaweza kupunguza sana. Na kama binti ana alama nzuri, sema! Shule za kibinafsi zinajitangaza kwa wastani wa KCSE. Nimeona wenye shule wakimbeba mtoto wa B+ kimyakimya mpaka amalize, kwa sababu anawavutia wazazi wengine.

BodaWaKaptembwo

Mzee umenifungua macho. Hilo la vitanda sikuwahi kulisikia.

Karani_wa_Wadi

Mimi nimekaa kwenye kamati ya basari, sitasema wapi. Nijibu la basari.

Si kweli kwamba mtoto wa kibinafsi hapati kabisa. Inategemea eneobunge na kamati iliyopo. Nyingi huwaweka wa shule za umma mbele, nyingine zinachukua wa kibinafsi na kuwapa kidogo, na zipo zinazokataa moja kwa moja. Uliza kwenye ofisi ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneobunge, ya pale mnapoishi na kupiga kura. Usiulize jirani. Fomu ni bure.

Kinachoua maombi mengi ni karatasi. Mzazi anajaza "hatuna uwezo" halafu hakuna ushahidi. Wewe una barua ya kazi kuisha, hiyo kwenye kamati ina nguvu kuliko hadithi. Ongeza sahihi ya chifu, nakala ya kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, ripoti ya muhula uliopita, na taarifa ya salio ya shule yenye muhuri na nambari ya mwanafunzi. Na akaunti ya benki ya shule iandikwe sawasawa, kwa sababu pesa inalipwa shuleni, haipiti mkononi mwako. Nimeona hundi zikirudi kwa kukosa herufi moja ya jina la shule.

Usitegemee iwe 48,000. Ikiwa 5,000 shukuru. Na jueni pia kwamba mfuko wenyewe umewahi kushtakiwa: Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua sheria ya NG-CDF ya 2015 inakiuka Katiba, ikaupa mpaka tarehe 30 Juni 2026. Basari za kaunti nazo zilipata msukosuko Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alipotoa waraka kwamba kaunti haziwezi kulipia kazi ya serikali kuu bila makubaliano rasmi, mambo yakaishia mahakamani. Kwa hiyo jaza fomu zote mbili, ya eneobunge na ya wadi (ndiyo ya kaunti), halafu endelea na mipango mingine kana kwamba hukujaza.

Msaada_Haraka

[Ujumbe huu umeondolewa na msimamizi]

Msimamizi

Huyo alikuwa akiomba 500 ya "usajili wa ufadhili" kwa M-Pesa ya mtu. Hakuna basari ya serikali wala ya benki inayotozwa pesa ya fomu. Mkimwona tena mniite.

Mama_Lanet

Na Wings to Fly? Mtoto wa dada yangu alilipiwa kila kitu mpaka nauli na pesa ya matumizi.

Mwalimu_Mbale

Wings to Fly ya Equity Group Foundation na Mastercard Foundation, pamoja na Elimu Scholarship ya Wizara ya Elimu na Benki ya Dunia, huchukua mtoto anapoingia sekondari, mwenye alama za juu na familia yenye shida ya wazi. Mtoto wa kidato cha tatu ameshapita hapo. HELB nayo msiitaje, ni mikopo ya wanafunzi wa vyuo. Kama kuna mtoto mwenye ulemavu, hapo nenda ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwenye kaunti yako, wana mfuko wa elimu.

Omwami_Kimilili

Nisaidie na la mkulima. Sisi huku Bungoma karo ya mtoto wa kwanza tuliimaliza kwa mahindi. Shule ya bweni inakula ugali kila siku, lazima inunue mahindi mahali. Nilimwambia mwenye shule, wewe ni mnunuzi na mimi nina shamba, mbona broka aje katikati yetu? Tukakubaliana bei ya gunia la kilo 90 iwe ya soko la Kimilili ya wiki ile. Mtunza stoo ni mama mmoja mkali. Alizamisha mkono hadi kiwiko ndani ya gunia, akatoa punje za katikati kabisa, akaziuma moja moja akisikiliza. Gunia mbili akazirudisha, "hizi bado zina maji, zianike". Nikaanika wiki hiyo, nikarudisha. Lakini risiti nilipewa ya shilingi, siyo ya magunia, na hapo ndipo watu huumia, wanaleta chakula kisha daftari halina kitu.

Najua wewe wa mjini huna shamba. Lakini kijijini kwa mzee hakuna mtu?

Nyar_Nam

Kwa wakwe zangu Nyakach kuna mtama na maharagwe kidogo. Nitauliza. Hata kuni wanazo.

Omwami_Kimilili

Maharagwe ni dhahabu shuleni. Uliza.

Bibi_Bondeni

Kwa Waislamu wanaosoma hapa: kamati ya msikiti ishirikishwe. Mwenye deni aliloshindwa kulilipa ametajwa miongoni mwa wanaostahiki zaka, siyo fakiri na maskini pekee. Nasi huku Nakuru tumelipia watoto karo kwa njia hiyo, pesa ikapelekwa shuleni moja kwa moja. Makanisa nayo yana utaratibu wao, mwende kwa padri au mchungaji bila kuona haya.

Nyar_Nam

Swali kwa Mhasibu. Baba yao ana akiba kwenye Sacco ya kazini, kama 90,000. Anataka ajitoe achukue yote tulipe tumalize. Mimi moyo unasita.

Mhasibu_Mstaafu

Usisite tu, mzuie. Kwanza, kujitoa kwenye Sacco kwa kawaida ni notisi ya siku 60, shule itakuwa karibu kufunga. Pili, kama amewadhamini wenzake, na wenzake nao wamepoteza kazi, akiba yake imeshikwa mpaka mikopo yao iishe. Aulize hilo leo hii. Ni jambo linalowapata wengi waliokuwa mradi mmoja.

Kama hajashikwa, aulize mkopo mdogo usiozidi akiba yake mwenyewe. Huo Sacco nyingi hazihitaji mdhamini, na riba ya Sacco ni ya kubebeka. Achukue wa kutosha deni la 31,000 tu. Muhula wa tatu upangwe na shule. Na mikopo ya simu msiiguse kwa ajili ya karo. Ile ni ya kuzungusha bidhaa kwa siku chache, karo hairudishi faida Ijumaa.

Njoro_Yetu

Hapo kwa mikopo ya simu nakubaliana. Na mama, kama niliandika kwa ukali, hasira yangu ni kwa kamati zinazogawana. Wewe jaza fomu.

Nyar_Nam

Nimerudi na habari. Tumeenda kumwona mwenye shule. Mwanzoni alisema sheria ni sheria. Mzee akamwekea ile barua mezani pamoja na risiti, mimi nikataja kwamba tumeona nafasi shule ya kutwa ya serikali huko mjini, jambo ambalo ni kweli, nilienda kuuliza. Akanyamaza, akamwita mhasibu wake.

Deni la 31,000 limewekwa kando, 3,000 kila mwezi kuanzia Oktoba. Karo ya muhula wa tatu imeshuka hadi 40,000 kwa sababu ya alama zake, na anaipitia tena Januari akiona matokeo. Maharagwe atachukua gunia mbili kutoka kwa mkwe, yawe makavu. Ila mkopo wa Sacco umekwama, kweli amewadhamini wawili na wote hawana kazi. Fomu za basari nimejaza zote mbili, chifu amepiga muhuri.

Bado 40,000 ni nyingi. Kodi ya nyumba itabidi tuiangalie, tuhamie Nyamasaria labda. Na hilo la kumhamisha Januari tumeliacha wazi, nimemwambia binti ajue.

Swali la mwisho: wanataka tulipe kidogokidogo kwa M-Pesa. Mhasibu wao alinipa nambari yake ya simu. Ni sawa?

Mhasibu_Mstaafu

Hapana. Omba nambari ya malipo ya shule yenyewe, na kwenye sehemu ya akaunti andika nambari ya usajili ya binti, siyo jina lako. Kila ukituma, omba risiti ya shule ndani ya wiki hiyo. Na yale maharagwe yakifika, yapate risiti yake pia, kwa shilingi.